Makaburi ya Wapolandi, Tengeru

Nimekulia Usa River, karibu na Arusha, ndizi nimenunua soko la Tengeru tangu utoto, lakini hadi Jumamosi iliyopita sikuwa nimekanyaga makaburi haya. Yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Njia ya kuingilia niliipita mara mbili, ulizeni bodaboda.

Mzee aliyetutembeza hakutuharakisha hata kidogo. Alianzia Siberia, ambako Wasovieti waliwapeleka Wapolandi hawa kwa nguvu mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akatupitisha Uajemi, ndipo akatufikisha Tengeru mwaka 1942. Walikuwa karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Waliishi kwenye vijumba vya mviringo, wakawa na shule, kanisa, hospitali na mashamba yao. Kambi nzima, hapa hapa kwetu, na shuleni sikuwahi kuisikia!

Waliofariki, takriban 150, wamelala safu kwa safu. Binti yangu wa miaka tisa alisimama kwenye kaburi la mtoto, akahesabu miaka kwa vidole, akanyamaza. Nilishindwa kuzuia machozi.

Pasafi, pana kivuli, pametulia. Nendeni asubuhi, na msiwe na haraka. Mwezi ujao nampeleka mama yangu.