Pa kuhifadhi picha zako: kipi ununue kwanza na kipi uache dukani

Simu ikianza kulia kwamba nafasi imejaa, wengi hukimbilia kununua chochote chenye giga nyingi kwa hela kidogo. Mimi huanza na swali jingine: kitu hiki kitakufa vipi, na siku kikifa nitabaki na nini? Vyombo vyote vya kuhifadhia hufa. Tofauti ni kwamba kimoja hulalamika mapema, kingine huzimika bila kuaga, na kingine kinakudanganya tangu siku ulipokitoa kwenye boksi. Kwa kigezo hicho nimevipanga vitano, kuanzia kile ambacho ningemshauri mtu akinunue kwanza.

1. Hifadhi ya mtandaoni, kifurushi kidogo cha kulipia

Najua mashabiki wa vifaa watanuna, maana hapa hakuna cha kushika mkononi. Lakini nakala inayojitengeneza yenyewe ndiyo utakayoikuta siku ya shida. Simu ikiibiwa leo jioni, picha za asubuhi zimeshapanda zamani. Diski inayosubiri uikumbuke Jumamosi haikupi hilo.

Nafasi ya bure haitoshi watu wengi. Google wanatoa GB 15, ila hizo ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja, na tangu 1 Juni 2021 kila picha mpya unayopandisha inahesabiwa humo. Akiba ya WhatsApp kwenye Android nayo siku hizi inakula nafasi hiyo hiyo, kwa hiyo ukiwa kwenye magrupu mawili matatu ya wapenda video, umekwisha. iCloud na OneDrive wanatoa GB 5 kila mmoja, Dropbox GB 2. Chagua ile inayoendana na simu yako, lipia ngazi ya chini kabisa, kisha uende zako.

Kifo chake ni kifo cha akaunti. Nenosiri limesahaulika, namba ya simu ya kupokelea msimbo wa uthibitisho ilishafungwa, au malipo yamekatika. Google wana kanuni kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Kabla hujalipia chochote, ingia kwenye mipangilio uone namba na barua pepe ya dharura ni zipi. Utashangaa.

Halafu kuna mtego unaowaliza watu kila siku. Kusawazisha (sync), yaani kufananisha kilicho kwenye simu na kilicho mtandaoni, si kuhifadhi. Ukifuta picha kwenye simu kwa kuamini kwamba "iko juu", mara nyingi umeifuta na huko juu. Google Photos hukaa nayo kwenye takataka siku 60 kama ilikuwa imepandishwa, iCloud siku 30, baada ya hapo ndiyo basi. Kwenye Google Photos kuna amri maalumu ya kuondoa nakala za kwenye simu pekee. Tumia hiyo, usibonyeze pipa.

Mara ya kwanza kupandisha vitu huchosha. GB 100 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde; biti 8 ni baiti moja) ni karibu saa 45 mfululizo. Weka mipangilio ipandishe kwenye Wi-Fi tu, la sivyo bando litayeyuka ukiangalia.

2. SSD ya nje, TB 1

Ukishakuwa na ya mtandaoni, pesa inayofuata iende hapa. SSD ni diski inayotunza data kwenye chipu; haina kitu kinachozunguka ndani, hivyo ikidondoka mezani unaiokota na kuendelea na kazi. Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na Peter Krogh: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 ikae mbali na nyumba. Simu, SSD na akaunti ya mtandaoni zinakufikisha hapo bila hekaheka.

Usilipie kasi ambayo vifaa vyako haviwezi kuimeza. Samsung T7, kwa mfano, inatangazwa kufikia MB 1,050 kwa sekunde. Lakini iPhone 15 ya kawaida, pamoja na kuwa na tundu la USB-C, bado inapitisha data kwa kasi ya USB 2, yaani Mbps 480. Hiyo ni MB 60 kwa sekunde kwenye karatasi, na kwa vitendo ni pungufu. Umbo la tundu halisemi chochote kuhusu kasi. Majina nayo ni vurugu tupu: USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kimoja, Gbps 5. Waliokaa kikao cha kuyapanga majina hayo sijui walikuwa na ugomvi na nani. Wewe tafuta namba ya Gbps kwenye boksi, na uangalie waya pia, kwa sababu waya wa chaja aghalabu ni wa USB 2 na utairudisha SSD yako kwenye mwendo wa kinyonga.

Ukiifungua, ifomati kwa exFAT (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) kama inatumika kwenye Windows, Mac na simu. Mifumo mingine ina mipaka: FAT32 inagoma faili moja linalofika GB 4, na NTFS kwenye Mac inasomeka tu, huwezi kuandika. Windows ikikuonyesha GB 931 badala ya 1,000, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kifo chake ni cha ghafla. Leo inafanya kazi, kesho kompyuta haiioni, na kuokoa data humo ni kazi ngumu na ya gharama. Isitoshe, chaji inayotunza data huvuja polepole ikikaa bila umeme, kwa hiyo usiitupe kabatini miaka mingi. Ichomeke mara moja moja. Na ifunge kwa nenosiri, kwa programu kama BitLocker au VeraCrypt, maana kitu kidogo namna hiyo hupotea kirahisi.

3. Diski ngumu ya nje

Kwa anayerekodi video nyingi, hii inapanda namba. Kwa kila giga ndiyo nafuu kuliko SSD. Ndani kuna sahani inayozunguka na kichwa kinachopita juu yake karibu mno bila kuigusa, ndiyo maana kuihamisha ikiwa inafanya kazi ni kuitakia mabaya. Sifa yake ni kwamba mara nyingi hutoa taarifa: mlio wa tak-tak, mafaili yanayofunguka kwa kusuasua. Ukisikia hivyo, nakili kwanza, uchunguzi baadaye. Backblaze, kampuni ya hifadhi ya mtandaoni, inachapisha takwimu za diski zake tangu 2013, na humo hakuna chapa isiyokufa. Kwa hiyo usibishane sana kuhusu chapa.

4. Memori kadi

Ni chumba cha kufanyia kazi, si ghala. Alama ya V30 au U3 inamaanisha kadi haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde inapoandika, na hiyo inatosha video za simu nyingi. Ukiiweka kwenye Android kama sehemu ya hifadhi ya ndani, inafungwa kwa simu hiyo: simu ikifa, kadi nzima haisomeki kwingine.

5. Flashi

Ya kubebea faili la kuchapisha, basi. Na huku ndiko feki zimejaa, pamoja na zile "SSD" za TB 16 zinazouzwa kwa bei ya soda. Zimefunguliwa nyingi, na ndani hukutwa memori kadi ndogo iliyobandikwa kwa gundi.

Udanganyifu wenyewe uko hivi. Chipu inayosimamia kumbukumbu imefundishwa kuiambia kompyuta kwamba ina nafasi ambayo haipo. Unanakili, hakuna kosa linalotokea, majina ya mafaili yote yanaonekana. Kumbe nafasi halisi ilipojaa, data mpya ilianza kuandikwa juu ya ya zamani au kutupwa tu. Unakuja kugundua siku unayofungua picha na kukuta nusu yake ni kijivu.

Jaribio lipo na ni la bure: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux na Mac. Programu inaijaza flashi mpaka juu, kisha inasoma kila kitu tena na kulinganisha. Hata SSD na memori kadi zipimwe vivyo hivyo, zikiwa bado tupu. Likishindwa, irudishe siku hiyo hiyo ukiwa na risiti mkononi, kabla hujafuta hata picha moja kwenye simu.