Kitabu Kilichowafundisha Wachawi Kusahau

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena mezani. Leo sina sanduku la kufungua wala dadu mpya za kuwaonyesha. Nina kitabu. Ni hiki hapa, chembamba, hakifiki kurasa 200, na kingo zake zimeanza kulegea kwa kufunguliwafunguliwa. Kinaitwa The Dying Earth, yaani dunia inayokata roho, mwandishi wake ni Jack Vance, na kilitoka mwaka 1950. Nimeshakisoma mara tatu. Ukiwa umewahi kucheza mchawi kwenye Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika wake ndani ya hadithi, umeshaishi chini ya sheria za kitabu hiki, hata kama jina lake unalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Mimi huwa naendesha mchezo, yaani ndiye ninayesimulia hadithi na kusimamia sheria. Na kila anapokuja mchezaji mgeni akachagua kuwa mchawi, swali ni lile lile: "Hili tamko la uchawi si ninalijua? Mbona nikilitumia mara moja linanitoka, mpaka nilale niamke nilisome upya?" Kwa miaka mingi nilikuwa najibu kwamba sheria ndivyo zinavyosema. Jibu halikumridhisha mtu, na mimi mwenyewe halikuniridhisha.

Jibu lenyewe limo humu, kwenye hadithi ya pili. Yumo mchawi anaitwa Mazirian. Kichwa chake, baada ya mazoezi makali, kinaweza kubeba matamko makubwa manne, au madogo sita, basi. Siku anayotaka kumfukuza mwanamke mmoja msituni anafungua vitabu vyake, anachagua, anayasukuma kichwani kwa nguvu matamko matano, halafu ndiyo anatoka. Tamko likishatamkwa linafutika. Hivyo kila hatari anayokutana nayo njiani inamgharimu moja. Anatumia la kwanza. Anatumia la pili. Mimi msomaji nikajikuta nahesabu kwa vidole, na vidole vilipobaki viwili nilikuwa nimeshakaa wima kitandani. Mazirian ana kiburi, ana elimu kuliko mtu yeyote aliye karibu naye, lakini kila dakika inayopita anazidi kuwa mtu wa kawaida aliyepotea msituni. Hofu ile ndiyo iliyogeuzwa kuwa sheria ya mchezo. Tena tamko mojawapo kati ya yale matano, lile la miale ya rangi zote, limo kwenye vitabu vya sheria hadi leo, na jina lake halijabadilika sana.

Hili si la kubahatisha. Gary Gygax, aliyeutoa mchezo huu mwaka 1974 pamoja na Dave Arneson, alieleza mwenyewe. Mwaka 1979, katika kitabu chake cha mwendesha mchezo, ukurasa wa 224, aliweka orodha ya vitabu vilivyomtia moto, na mwishoni akawataja waandishi wachache waliomwathiri zaidi. Vance yumo, pamoja na Robert E. Howard, Fritz Leiber na Lovecraft. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, yumo kwenye orodha ndefu, lakini kwenye ile safu fupi hayumo. Na yule mchawi mfu anayeogopwa na wachezaji wote, Vecna? Zipangeni upya herufi za jina lake muone mnapata nini.

Matoleo ya sasa yamelegeza. Toleo la tano, la 2014, linamruhusu mchawi kurudia tamko lile lile maadamu bado ana nguvu za siku hiyo. Nawaelewa waliobadilisha, mchezo umekuwa mwepesi kwa wageni. Ila mimi naikosa ile hesabu ya vidole.

Sasa niseme kwa nini nakipendekeza kwa mtu wa mezani hasa. Riwaya nyingi za fantasia tunazozipenda ni ndefu, zina wafalme na vita, zinahusu kuokoa ulimwengu mzima. Ni tamu kuzisoma. Zikifika mezani zinatukwamisha, kwa sababu njia ni moja na mwisho ni mmoja, na wewe una watu watano ambao kila mmoja ana kichwa chake. Humu kuna hadithi sita. Jua limekuwa jekundu na zee, watu wanahofia siku moja halitawaka, na hakuna anayejaribu kuliokoa. Kila mtu anahangaikia haja yake tu. Guyal anatafuta mtu wa kumjibu maswali yake. Liane anataka kipande cha zulia la ukutani.

Hapo kwa Liane nitakaa kidogo, na kama hutaki kuharibiwa mwisho, ruka dakika mbili mbele. Liane ni mwizi mzuri wa sura na katili wa moyo. Ana pete ya shaba ambayo huipanua ikawa kubwa, akaipitisha mwilini kutoka kichwani hadi miguuni, akatoweka. Ndani mna giza na usalama, hakuna anayeweza kumfikia. Anatumwa aibe kipande cha zulia kwa kiumbe anayeitwa Chun, ambaye jina lake la sifa ni "asiyeepukika". Mambo yanaharibika, Liane anakimbia, anakimbia, anajitumbukiza ndani ya pete yake. Kimya. Anapumua. Halafu nyuma yake, humo humo gizani, anasikia kitu. Sitaeleza joho la Chun limeshonewa nini. Nitasema tu kwamba usiku huohuo mlangoni kwa aliyemtuma Liane zinaletwa nyuzi mbili za dhahabu, malipo ya macho mawili.

Kurasa chache zile zimebeba kifaa cha ajabu, kazi ya wizi, tajiri anayetuma watu, na kosa la kudhani una pa kujificha. Kikao kizima kimo humo.

Vitabu vya njia ya kinyume vipo pia, vile vilivyoanzia mezani vikaishia dukani. Riwaya ya Magician ya Raymond Feist, ya 1982, imesimama juu ya ulimwengu ambao yeye na rafiki zake walikuwa wakiuchezea. Mfululizo wa Dragonlance, wa Margaret Weis na Tracy Hickman, ulianza 1984 sambamba na michezo yake. Nimevisoma kwa furaha, ingawa kuna sura ambazo nasikia dadu zikigonga meza.

Kasoro za Vance nazo niziseme. Wanawake wengi humu ni zawadi au ni mawindo, na ukatili mwingine unasimuliwa kwa sauti ya upole inayoumiza. Ukiwa na wachezaji wadogo, soma wewe kwanza. Halafu Kiingereza chake ni kizito, kimejaa maneno ya nadra. Mara ya kwanza nilisoma na kamusi mapajani. Ukikwama kwenye hadithi ya kwanza, anza na ya Liane kisha urudi nyuma.

Mimi Jumamosi hii naichukua hadithi ya tano niichezeshe mezani. Ndani yake upo mji wenye makundi mawili, moja la kijani na moja la kijivu, yanapita barabara zile zile na hayaonani kabisa. Wachezaji wangu nimeshawagawia karatasi, watatu za kijani na wawili za kijivu, na nimewaomba wasionyeshane mpaka tukae.