Kufidia wanunuzi wa pamba au kujenga daraja?

Mtikisiko wa uchumi wa dunia ulipoangusha bei ya pamba, mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7, ukiwamo mkono kwa wanunuzi waliopata hasara. Dawa hiyo ni ya haraka: mnunuzi akifilisika, mkulima wa Kwimba anabaki na pamba ndani.

Ila haipunguzi gharama za kusafirisha. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kufunguliwa Juni 2025, lori la samaki kutoka Sengerema lilisubiri kivuko huku barafu ikiyeyuka, maji yakichuruzika chini ya bodi, na bei ikishuka papo hapo. Sasa ni dakika chache tu. Kwa ushindani wa kudumu, nachagua daraja, ingawa mkulima aliyekwama msimu huu hawezi kulisubiri.