Kaunselingi ya Mtandaoni kwa Mtu wa Ofisini: Hela Yako Inaenda Wapi?

Haya wadau wangu mambo vipi, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala laptop mezani, leo nachambua kitu mnachoniulizia DM kila wiki halafu mnamalizia na "usitaje jina langu" kama vile mnanunua bangi: kaunselingi ya mtandaoni. Yaani unaongea na mwanasaikolojia kwa simu au laptop bila kwenda ofisini kwake. Na naongea hasa na wewe unayetoka Mbagala alfajiri, unarudi usiku umechoka, na muda wa kliniki wewe uko kwenye mitingi ambayo ingeweza kuwa meseji.

Tuanze na wale wakubwa mnaowaona kwenye matangazo, BetterHelp na Talkspace, wote wa Marekani, Talkspace ilianza 2012 na BetterHelp 2013. Hapa nitakaa zaidi kwenye BetterHelp maana ndiyo mnayoiulizia. Unafungua akaunti, unajibu maswali mengi kweli kuhusu usingizi, hofu, ndoa, pombe, halafu wanakutafutia mtu, mnaongea kwa video au simu au kuchati mara moja kwa wiki, na katikati unaweza kumwachia meseji. Akikuboa unabadilisha bila kumpa sababu, na hilo mimi nalipenda sana, kwa sababu sisi kumwambia mtu mzima uso kwa uso "sijaridhika na wewe" ni kazi kweli.

Kingine watu hawakifikirii ni saa. Ukikaa na simu yako saa tatu usiku Dar, New York ni saa saba au saa nane mchana, kwa hiyo mshauri wa huko yuko kazini, wewe umeshakula na watoto wamelala. Kwa mtu wa ofisi hiyo ni faida kubwa mno, wa hapa kwetu kumpata muda huo lazima umuombe.

Sasa bei. Unalipia kwa wiki, chukulia dola 70 na inaweza kupanda zaidi, lakini wanakata ya wiki nne kwa mkupuo, piga hesabu hapo unaongelea kama laki saba za kibongo kwa mwezi, na inajirudia yenyewe kwenye kadi mpaka uingie ukaisimamishe. Kwa hiyo kabla hujaweka kadi tafuta kwanza kitufe cha kusitisha kiko wapi, ukikijua ndiyo uendelee.

Halafu kuna hii ya 2023 ambayo lazima niiseme, maana siwezi kusifia kitu nikaficha. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana BetterHelp kwamba taarifa za wateja, barua pepe zao na hata mambo ya kwenye yale maswali ya mwanzo, zilifika Facebook, Snapchat, Pinterest na Criteo, hiyo ya mwisho ni kampuni ya matangazo ya mtandaoni, kwa ajili ya matangazo, wakati wateja waliahidiwa siri. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7.8, ila wao wanasema hawakukiri kosa. Mimi sisemi wanafanya hivyo leo, nasema hivi, yale maswali ya mwanzo unayajibu hata hujamuona mshauri, na ndiyo yenye siri zako zote. Jibu ya lazima, tumia jina la utani kama wanaruhusu, na barua pepe ya kazini usiiguse kabisa jamani, IT wa ofisini kwenu naye ana macho.

Ila kwangu mimi tatizo kubwa la hizi za nje liko kwenye mazungumzo yenyewe. Unamwambia mtu wa Ohio huko Marekani kwamba umechoka kwa sababu mshahara ukiingia kuna ada ya mdogo wako, kuna mchango wa harusi ya binamu, kuna baba mkubwa anapiga simu "mwanangu umetusahau", na yeye kwa nia njema kabisa anakuuliza kwa nini usiwaambie tu hapana. Dakika ishirini zinaisha unamuelezea ukoo wako. Mshauri wa hapa hilo analijua toka kwao, anakuuliza swali la maana, kwamba kati ya hao wote ni nani ukimkatalia unaogopa zaidi, na hapo ndiyo kazi inaanza.

Ndiyo maana mimi kwa wengi wenu nasema tafuta mwanasaikolojia wa hapa anayefanya kazi kwa WhatsApp, Zoom au simu ya kawaida, unamlipa kwa M-Pesa kila sesheni, hakuna kadi wala mkataba wa mwezi. Uliza alisomea nini na wapi, nani anamsimamia kikazi, na ukiahirisha dakika za mwisho unakatwa? Wakenya mna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, kwa hiyo nyie ulizeni na usajili. Anayekasirika kwa kuulizwa, muage kwa heshima.

Mtandao ukoje? Hapa nimejifunza kitu. Kwenye kaunselingi kuna ule ukimya, umesema jambo zito, mshauri ananyamaza makusudi ili uendelee. Sasa kwenye video yenye mtandao wa kusuasua, wewe unadhani umekatika, unaanza "halo? halo, unanisikia?" na lile neno lililokuwa linakuja limerudi lilikotoka. Zima video. Sauti tupu inakula bando kidogo na haikatiki hovyo, na watu wengi wanafunguka zaidi wasipotazamwa. Halafu kaa kwenye gari lililozimwa pale parking, au chumba cha stoo ofisini, popote mlango unafunga. Daladala na mwendokasi hapana.

Vile viboti vya kuchati kama Wysa, yaani programu inayokujibu yenyewe bila mtu, sawa, mazoezi ya kupumua saa nane usiku yanakusaidia, ila mimi kiboti sikihesabu kama mshauri.

Je inafanya kazi kweli? Kwa sonona na wasiwasi wa kiasi, tafiti nyingi zinaonyesha tiba ya mtandaoni yenye mtu anayekuongoza inasaidia vizuri, haipishani sana na ya ana kwa ana. Washauri wengi watakupa PHQ-9, kipimo cha sonona, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama kutoka 0 mpaka 27, zikipanda ndiyo hali mbaya zaidi. Ukifika 10 usipuuze. Na swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru au kuona bora ufe, ukiona jibu lako sio "hapana kabisa", funga hii video, mwambie mtu aliye karibu na uende hospitali leo, Muhimbili wanao madaktari wa akili, Dodoma kuna Mirembe. Vilevile kama anayekutesa unaishi naye na anasikia ukutani, simu siyo sehemu salama.

Mwisho, wengi hamjui kwamba baadhi ya kampuni na benki zinalipia kaunselingi ya wafanyakazi, sesheni kadhaa kwa mwaka, bure kwako. Chukua, ila kabla ya kuanza muulize HR kwa maandishi: bili inakuja na jina langu au na namba? Bosi wangu anaona nini? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za afya ni taarifa nyeti, kwa hiyo swali lako ni halali kabisa. HR akianza kuzungukazunguka, lipa mwenyewe kwa M-Pesa.