Ocean Vuong: uanze na mashairi au riwaya?

Ocean Vuong, mshairi na mwandishi wa riwaya, alizaliwa Vietnam mwaka 1988, akakulia Hartford, Marekani. Diwani yake, Night Sky with Exit Wounds (2016), imebana maneno. Shairi moja limechomeka mistari ya wimbo wa Krismasi uliopigwa redioni kama ishara ya kuwahamisha watu jijini Saigon, Vita vya Vietnam vilipokuwa vikiisha Aprili 1975, katikati ya mji unaowaka. Lisome polepole, tena kwa sauti.

Riwaya, On Earth We're Briefly Gorgeous (2019), ni barua ya mwana kwa mama asiyejua kusoma. Mama anafanya kazi saluni ya kucha, na humo neno linalosikika kuliko yote ni "samahani", hata pasipo kosa. Hapo nilikifunga kitabu kwanza, nikanyamaza. Mimi nasema anza na riwaya. Ukishamjua huyo mama, mashairi yatakufungukia.