Kitabu cha Wachezaji cha Dungeons & Dragons, toleo la 2024: picha, uwezo wa klasi, na Mwindaji aliyesahaulika

Katika kundi letu la mchezo, mgeni akija hatuanzi kumfundisha sheria. Tunamwekea kitabu mbele, tunamwambia afungue sura ya tatu, apekue taratibu na asimame kwenye picha itakayomvuta. Akisimama, huyo ndiye mhusika wake. Ndiyo maana nimekipima kitabu hiki kwa swali moja tu: je, maandishi yaliyo kando ya picha yanampa mchezaji kile ambacho picha imemwahidi? Nimekitumia mezani nikiwa mchezaji, nikakitumia pia nikiwa mwendesha mchezo, na kwa sehemu kubwa jibu ni ndiyo, tena kwa kiwango ambacho kitabu cha 2014, kilichokitangulia hiki, hakikukifikia. Kuna klasi moja, yaani aina moja ya mhusika, ambayo jibu lake ni hapana. Nitaifikia.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanakaa mezani, mmoja, mwendesha mchezo, anasimulia ulimwengu na hatari zake, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake, na pale matokeo yanapokuwa na shaka inarushwa dadu ya pande 20. Leo mchezo uko mikononi mwa Wizards of the Coast, kampuni iliyo chini ya Hasbro, na kitabu hiki kilitolewa Septemba 2024, mwaka ambao mchezo ulitimiza miaka 50. Kina kurasa 384, klasi 12, na kila klasi ina matawi manne, yaani njia nne za kubobea ndani yake, kwa hiyo matawi 48 kwa jumla. Mwaka 2014 mgawanyo haukuwa sawa hata kidogo: Mchawi wa vitabu alikuwa na matawi manane, Barbari mawili.

Nianze na michoro, maana ndiyo inayoshikwa na jicho kwanza. Jalada ni la Tyler Jacobson, na joka la dhahabu limesimama nyuma ya mashujaa kama mlinzi wao. Nimelipenda chaguo hilo. Majalada mengi ya mchezo huu yamezoea joka kuwa adui, na mtoto anayelitazama hili anaona mara moja kwamba ulimwengu wa ndani hauna kanuni rahisi ya nani mbaya na nani mwema. Ndani, kila klasi inafunguliwa kwa picha ya ukurasa mzima, na kila tawi lina picha yake pia. Hili la pili ndilo badiliko kubwa. Katika kitabu cha zamani matawi mengi yalikuwa maandishi matupu. Mchezaji alisoma aya tatu za sheria na ilimbidi ajitungie mwenyewe huyo mtu anafananaje. Wazoefu tuliweza. Mgeni alikata tamaa.

Wale waliokua na michoro ya rangi za mafuta ya miaka ya 1980, ya akina Larry Elmore na Jeff Easley, husema michoro ya sasa inang'aa mno na kila mtu ni msafi kupita kiasi. Nawaelewa. Kuna kurasa ambazo ningependa kuona matope kwenye viatu, kovu, nguo iliyochanika, dalili kwamba hawa watu wamelala porini. Lakini kuna jambo kitabu hiki kimelifanya ambalo nalithamini zaidi ya matope: watu wa kila rangi wamo, na hawajawekwa pembezoni mwa picha. Wako katikati, wanafanya kazi ya klasi yao. Na wale Halfling, watu wafupi ambao mwaka 2014 walichorwa na vichwa vikubwa juu ya vijiguu vidogo hadi wakawa kichekesho cha wachezaji duniani kote, sasa wanaonekana kama watu kamili walio wafupi.

Niseme pia kwamba mimi hutazama michoro ya vitabu hivi kwa jicho kali tangu Agosti 2023, ilipobainika kuwa mchoraji mmoja alikuwa ametumia akili unde kwenye baadhi ya picha za kitabu chao cha majitu. Baada ya hapo kampuni ilitangaza kuwakataza wachoraji wake kutumia zana hizo. Picha ya mchezo huu si pambo. Mtu huishi na mhusika wake mwaka mzima au zaidi, na ule mkono ulioamua upanga ushikwe hivi na jicho litazame kule unapaswa kuwa mkono wa mtu.

Sasa twende kwenye uwezo wenyewe.

Binti mmoja katika kundi letu ni mcheza ngoma, na alisimama kwenye picha ya Manju wa Dansi bila kuuliza kitu. Manju ndiyo klasi ya wanamuziki na watambaji, wale wanaotia wenzao moyo. Tawi hili ni jipya kwenye kitabu cha wachezaji, na sheria zake zinacheza kweli. Akiwa hajavaa deraya wala kushika ngao, kinga yake hutokana na wepesi wa mwili pamoja na haiba yake. Kila anapotumia tendo kumtia moyo mwenzake, anaruhusiwa pia kumpiga adui teke au ngumi humo humo, na pigo hilo huhesabiwa kwa wepesi, si kwa misuli. Kwa hiyo anapomtia moyo mwenzake mwili wake unakuwa tayari umemfikia adui. Mezani hakuhitaji kueleza chochote. Alisimulia hatua zake, akarusha dadu, na sheria ikamfuata.

Barbari wa Mti wa Ulimwengu ni mfano mwingine mzuri. Kwa miaka mingi Barbari alikuwa mtu wa hasira na shoka, basi. Hapa hasira yake inashika mizizi. Akipandwa na hasira anapata uhai wa ziada, kisha kila mwanzo wa zamu yake anaweza kumgawia mwenzake aliye karibu. Kufikia ngazi ya 6 ya kukua kwake, kiumbe akianza zamu yake ndani ya futi 30, matawi ya kiroho ya mti huo yanaweza kumnyakua na kumleta mbele ya Barbari, na kasi yake ikawa sifuri. Kijana aliyezoea kukimbilia mbele peke yake ghafla akawa mlinzi wa kundi. Aliona kwamba hasira yake ina kazi nyingine zaidi ya kuua.

Mtawa ndiye aliyefaidika kuliko wote. Zamani alikuwa mzuri kwenye picha na dhaifu kwenye dadu. Sasa dadu ya ngumi zake inaanzia pande 6 na kufika 12, na kukimbia au kujitoa kwenye mapambano kwa tendo la nyongeza hakumgharimu akiba yake ya nguvu. Zaidi ya yote, kuanzia ngazi ya 3 anaweza kukinga pigo la upanga kwa mkono mtupu. Zamani aliweza kudaka mishale na vitu vya kurushwa tu. Akilizima pigo lote, anatumia kidogo cha akiba yake kulielekeza kwa mwingine. Kila aliyewahi kutazama filamu za kung fu alikuwa akilisubiri hilo.

Ila kama ungeniuliza ni ukurasa gani mmoja umebadilisha meza yetu kuliko mingine, nisingetaja klasi yoyote. Ningetaja jedwali la silaha. Sasa kila silaha ina umahiri wake, na klasi tano, zikiwemo Mpiganaji na Barbari, zinajua kuutumia. Ukimpiga mtu kwa mkuki, pigo lake linalofuata anarusha dadu mbili na kuhesabu ile ndogo. Upanga mkubwa wa mikono miwili ukikosa, bado unamkwaruza. Nyundo ya vita inamsukuma adui futi 10, na hapo ndipo ukingo wa jabali au mdomo wa kisima unapoanza kuwa na maana. Fimbo inaweza kumwangusha chini. Mwanzoni tulikuwa na wachezaji ambao kila zamu walisema "napiga" na kunyamaza. Sasa wanauliza: yule amesimama karibu na nini? Nani atapiga baada yangu? Mpiganaji, ambaye wengi walimwona klasi ya wavivu, amekuwa mtu wa hesabu. Na nje ya vita naye hakutupwa: kuanzia ngazi ya 2, akishindwa kufungua mlango au kumshawishi mlinzi, anaweza kutumia uwezo wake wa kuvuta pumzi, ambao vitani humrudishia uhai, kuongeza dadu ya pande 10 kwenye jaribio, na akishindwa tena uwezo huo hauhesabiwi kuwa umetumika.

Kasoro ya umahiri huu ni mwendo. Fimbo ile kila ikigonga, adui anajaribu kujizuia asianguke, na anajaribu tena pigo linalofuata. Mpiganaji wa mapigo mawili au matatu kwa zamu anaweza kuifanya meza nzima isubiri. Mimi nikiendesha mchezo huwa narusha dadu ya kujizuia pamoja na dadu nyingine ili kuokoa muda.

Sasa Mwindaji. Picha zake ni miongoni mwa nilizozipenda: mtu wa nyika, macho yake mbali, yuko peke yake na ardhi. Ukisoma sheria unakutana na nuizo moja, yaani tendo moja la uchawi, lile la kumtia alama windo ili kila pigo limuumize zaidi, likirudiwa rudiwa kama kiitikio. Ngazi ya 1 analipata bure. Ngazi ya 13, kuumizwa hakuvunji umakini wake juu ya nuizo hilo. Ngazi ya 17, anampiga kwa urahisi zaidi yule aliyetiwa alama. Na ngazi ya 20, kilele chenyewe, mahali ambapo klasi nyingine zinapewa mambo ya ajabu, Mwindaji anapewa dadu ya pande 10 badala ya pande 6 kwenye nuizo lile lile. Tatizo si udogo wa dadu. Ni kwamba nuizo hilo linakula umakini, na mtu hawezi kushikilia mawili ya namna hiyo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo manuizo mengi mazuri ya porini aliyopewa na kitabu hiki hiki anayaacha, ili asiipoteze ile alama ambayo klasi nzima imejengwa juu yake. Picha imemwahidi mtu anayeijua dunia. Sheria imempa mtu anayemkodolea macho adui mmoja.

Hili linaniuma kwa sababu matawi yake yenyewe ni mazuri, hasa yule mwenye mnyama wake wa kumsaidia. Mezani kwetu tumekubaliana kwamba kuanzia ngazi ya 13 alama hiyo haihitaji umakini kabisa. Haijaharibu mchezo wowote, na aliyekuwa akitaka kubadilisha klasi amebaki.

Jambo jingine dogo: nyongeza za nguvu, akili na kadhalika hazitokani tena na jamii ya mhusika (kama ni mtu, Halfling na kadhalika), zinatokana na maisha yake ya awali, nayo yako 16. Wazo ni zuri, lakini kila maisha yamefungwa na sifa tatu tu. Mchawi aliyekulia baharini hapati nyongeza yoyote ya akili, na wachezaji wangu wameanza kuchagua utoto wa wahusika wao kwa hesabu badala ya hadithi.

Bei ya kitabu kilichochapwa ilikuwa dola 49.99 za Marekani kilipotoka, na anayeagiza kutoka nje aongeze usafiri na ushuru. Vitabu vya hadithi vya toleo la 2014 bado vinachezeka nacho, kwa hiyo usitupe ulivyo navyo. Kama fedha hakuna, mwaka 2025 kampuni ilitoa sheria za msingi za toleo hili bure mtandaoni chini ya leseni ya Creative Commons: klasi zote 12 zimo, kila moja na tawi moja, na umahiri wa silaha umo. Picha hazimo, wala Manju wa Dansi na Mti wa Ulimwengu hawamo. Kundi la watu watano linaweza kuanza na sheria hizo kwenye simu, kisha kuchanga wanunue nakala moja ya karatasi ikae katikati ya meza, kwa ajili ya yule mgeni wa wiki ijayo.