SD40-2: kichwa cha treni ya mizigo kinachosema kinaumwa wapi

Kampuni ya EMD ilianza kukitengeneza Marekani mwaka 1972: silinda 16, nguvu farasi 3,000. Kabini ina kelele na mtetemo mwingi, lakini kwa hitilafu za njiani nakipa alama za juu.

Injini ikizimika, fungua milango ya pembeni na utazame vitufe vya kifaa cha ulinzi karibu na gavana (kidhibiti cha kasi ya injini). Kikichomoka cha maji, angalia kioo cha tangi la maji, ongeza maji, kibonyeze, washa. Kikichomoka cha shinikizo la kreki (sehemu ya chini ya injini yenye mafuta), usiwashe kabisa! Usifungue vifuniko vyake kabla ya saa mbili kupita, maana hewa ikikutana na mvuke wa mafuta yenye joto, hulipuka. Relei (swichi ya usalama) ya umeme unaovuja ikijirudia kuruka, mara nyingi ni mota ya ekseli. Tenga mota moja moja kwa swichi hadi uipate yenye kasoro, kisha endelea na tano zilizobaki. Hakikisha magurudumu ya mota uliyoitenga yanazunguka.

Kwenye vivuko vya barabara, pua fupi ya mbele inaruhusu kuona vizuri. Honi ni mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, sekunde 15 hadi 20 kabla ya kivuko. Udhaifu ni tangi la dizeli lililoning'inia kati ya bogi (fremu za magurudumu): bamperi la lori linaweza kulipasua. Baada ya kugonga, kagua tangi kwanza, kisha mabomba ya breki.